Ua la Yeriko, au Mkono wa Maria

Mwaka mmoja, majuma mawili kabla ya Noeli, Padri wetu alirudi toka hija ya Nchi Takatifu. Wakristu wengine aliwaletea rozari, wengine medali. Shule yetu akaipa kitu kidogo kilichofungwa katika karatasi. Nilipokifungua mbele ya darasa la sita, watoto walicheka. Kilikuwa kifundo cha vijiti vikavu vya rangi ya majivu, vilivyojikunja pamoja kama ngumi ya mtoto mchanga, na chini yake kipande cha mzizi. Mmoja alinong'ona ya kwamba Padri ametuletea kiota cha ndege, tena cha ndege maskini.

Nilikitia katika bakuli la maji, nikaendelea na somo la hesabu. Kabla ya adhuhuri hakuna mtoto aliyekuwa akihesabu tena. Vijiti vilianza kulegea kimoja kimoja, vikainuka, vikajinyosha kuelekea pande zote, hata ile ngumi ikawa kiganja kilichofunguliwa wazi. Watoto walisimama juu ya viti vyao wapate kuona. Nami, kwa kuwa furaha yao ilinipendeza, nikasema kwa sauti ya mahubiri: "Tazameni! Kilikuwa kimekufa, na sasa kimefufuka!"

Jioni nilimwaga maji, nikakiweka kitu kile dirishani. Baada ya siku mbili kilikuwa kimejikunja tena kama mwanzo. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma, ambaye hasemi mara nyingi, akainua mkono. Akasema: "Bwana Mwalimu, hakikutoa hata jani moja la kijani. Tena kimejifunga upya. Bwana Yezu alipofufuka hakurudi kaburini. Je, kitu hiki kilifufuka kweli?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutalitazama jambo hilo siku nyingine, kama tusemavyo walimu tunaposhindwa. Lakini swali lile lilinifuata nyumbani. Makala haya ndiyo jibu langu. Sehemu moja nimeipata katika vitabu, na sehemu nyingine katika usiku mmoja wa hofu, ambao nitausimulia bila kuficha kosa langu.

NCHI YENYE KIU

Mmea ule huitwa Ua la Yeriko, na wengine husema Waridi la Yeriko. Ili kuuelewa, yafaa kwanza tuitazame nchi yake.

Mnakumbuka mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Mtakatifu Luka: mtu mmoja alikuwa akishuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko. Neno hilo "kushuka" ni la kweli kabisa. Yerusalemu umejengwa juu ya milima, mita zipatazo 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko uko katika bonde la Yordani, mita zipatazo 250 chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo msafiri hushuka mita 1,000 katika mwendo usiozidi kilometa 40. Karibu na hapo ndipo ilipo Bahari ya Chumvi, ambayo maji yake yamelala zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari nyingine. Hakuna nchi kavu duniani iliyo chini kuliko ufuo wake.

Mawingu ya mvua hutoka magharibi, katika Bahari ya Kati. Yanapopanda milima ya Yuda huangusha maji yao huko. Yakishuka upande wa pili yamekwisha kuwa matupu. Kusini mwa Bahari ya Chumvi mvua ya mwaka mzima ni milimita 50 hivi. Sisi wa Bukavu au Lubumbashi hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka; kumbe mvua ambayo kwetu hunyesha alasiri moja au mbili za masika, huko ni ya mwaka mzima. Na mwaka mwingine hata hiyo hukosekana.

Katika nchi za namna hiyo ndimo uotamo mmea wetu. Si Yeriko tu. Hupatikana toka jangwa la Sahara, kupita Misri, Sinai, jangwa la Negevu na Yordani, hata Bara Arabu mpaka Omani, na mbele zaidi mpaka Uajemi na Pakistani. Hupenda mabonde ya changarawe na vijito vikavu, mahali ambapo maji hupita kidogo mvua ikinyesha, kisha hutoweka.

MAISHA YA MIEZI MICHACHE

Ua la Yeriko si mti unaoishi miaka mingi. Ni mmea wa msimu mmoja, kama yalivyo maharagwe ya shamba letu: huota, huchanua, huzaa, hufa, yote katika miezi michache.

Mvua za huko hunyesha wakati wa baridi, kati ya mwezi wa Novemba na mwezi wa Machi. Mbegu ikipata maji ya kutosha huota upesi sana, kwa maana haina muda wa kupoteza. Majani yake ni madogo, yamefunikwa na vinyweleo vya rangi ya kijivu vinavyoukinga mmea na jua kali. Matawi hutandaa juu ya ardhi. Kwa kawaida mmea mzima hauzidi kimo cha sentimeta 15. Tena kimo chake hufuata mvua. Mvua ikiwa ya kutosha, hutanuka na kuzaa matunda mengi. Mvua ikiwa haba, hubaki mdogo mno, wala hausubiri kukua zaidi: huchanua hivyo hivyo katika udogo wake, ukatoa mbegu chache kadiri ya nguvu zake.

Maua yake ni meupe, madogo sana. Atakayeyatazama kwa karibu ataona ya kwamba kila ua lina petali nne zilizopangwa kama msalaba. Ndiyo sababu wataalamu wa kale waliuita ukoo huu wa mimea kwa neno la Kilatini Cruciferae, maana yake "wachukuao msalaba". Nanyi akina mama mnaufahamu ukoo huo vizuri, maana kabichi ni wa ukoo huo, na figili pia, na haradali ambayo Bwana Wetu aliitaja katika mfano wa punje ndogo. Basi ua la jangwani na kabichi ya sokoni ni ndugu.

Siku za joto zinapofika, mvua huisha na jua hukaza. Majani hukauka, yakapukutika. Na mmea, unapokufa, hufanya jambo moja la ajabu: matawi yake hujikunja kuelekea ndani, moja juu ya jingine, yakiyafumbata matunda katikati, mpaka unakuwa ngumi ngumu kama ubao. Ndivyo unavyokufa, na ndivyo unavyobaki.

MFU ASIYEONDOKA MAHALI PAKE

Watu wengi wamesimulia, na hata vitabu vingine vimeandika, ya kwamba upepo huung'oa mmea huu mkavu na kuuviringisha jangwani mpaka unapopata maji, ndipo hufunguka. Hadithi hiyo inapendeza, lakini wataalamu walioufuatilia katika jangwa la Negevu wameona mambo mengine. Iko mimea ya jangwani inayoviringishwa na upepo; huu kwa kawaida si mmoja wao. Mzizi wake, ingawa umekufa, hushika ardhi kwa nguvu. Mmea hubaki palepale ulipoishi, mwaka baada ya mwaka, katika jua na vumbi, umefunga mkono.

Ndani ya mkono huo zimo mbegu zake. Chungu wa jangwani, wanaokusanya mbegu kwa ajili ya ghala zao, hawazifikii kwa urahisi. Panya vilevile. Jua haliziunguzi. Mama amekufa, lakini watoto wamo katika kiganja chake wakiwa salama.

Sasa mtauliza: kama amekufa, anaufunguaje mkono? Jibu si gumu kwa mtu aliyewahi kuishi katika nyumba yenye mlango wa mbao. Mvua nyingi zikinyesha, ubao hunywa maji, ukavimba, ukapinda. Mlango uliofungwa vizuri wakati wa kiangazi hugoma wakati wa masika. Hakuna asemaye ya kwamba mlango umefufuka. Msusi wa vikapu naye huloweka matete yake yapate kukunjika, na matete hayo yamekwisha kufa zamani. Matawi ya Ua la Yeriko yameumbwa hivi: upande mmoja wa kijiti hunywa maji na kuvimba kuliko upande wa pili. Kwa hiyo kikilowana, kijiti hunyoka, kikikauka, hujikunja. Kazi hiyo haihitaji uhai. Huweza kurudiwa mara nyingi, miaka na miaka, maadamu mti wenyewe haujaoza.

Basi mvulana wetu alikuwa amesema kweli, na mwalimu wake alikuwa amekosea. Kitu kile hakikufufuka. Kilivimba maji tu.

Tena wasomaji wajihadhari. Katika nchi za Ulaya na Marekani huuzwa mmea mwingine kwa jina hilo hilo la Waridi la Yeriko. Huo hutoka katika majangwa ya Meksiko, hauna maua wala mbegu, tena hauhusiani na Nchi Takatifu hata kidogo. Huo ukipata maji hurudi kuwa kijani kweli, maana ulikuwa umelala, haukuwa umekufa. Mambo yake ni mengine, na anayechanganya mimea hiyo miwili huchanganya mlalaji na maiti.

MAJINA NA VISA

Wakristu wa kale hawakuyajua haya ya vijiti kuvimba, ila walijua kustaajabu. Wahiji, na askari wa Vita vya Msalaba, waliporudi Ulaya katika Karne za Kati, walichukua ngumi hizi kavu katika mizigo yao. Katika nyumba nyingi ikawa desturi kuitia majini usiku wa Noeli, familia yote ikizunguka meza na kutazama inavyofunguka, kisha kuikausha na kuitunza mpaka mwaka unaofuata. Baba alimwachia mwanawe, naye mwana akamwachia mjukuu. Walisimulia ya kwamba mmea huu ulichanua Mwokozi alipozaliwa, ukajifunga alipokufa msalabani, ukafunguka tena siku ya Pasaka. Wengine walisema uliota mahali pale Bikira Maria na Mtakatifu Yozefu walipopumzika na Mtoto Yezu, walipomkimbia Herode kwenda Misri.

Waarabu, Waislamu kwa Wakristu, huuita Kaff Maryam, yaani Kiganja cha Mariamu. Husimuliwa ya kwamba Maria aliukamata mmea huu mkononi saa ya kuzaa, nao ukachukua umbo la mkono wake.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu mkubwa wa mimea wa nchi ya Uswidi, aliuandika katika kitabu chake kwa jina la Anastatica hierochuntica. Neno la kwanza latoka katika Kigiriki, anastasis, maana yake ufufuko. Neno la pili maana yake "wa Yeriko". Kwa hiyo hata jina lake la elimu limebeba ule mshangao wa kale.

Visa hivi ni vitamu, lakini si Injili, wala Kanisa halimlazimishi mtu yeyote kuvisadiki. Hata lile jina la waridi, yafaa tulipime. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 24, Hekima inajilinganisha na mimea mingi mizuri, na mmojawapo ni mawaridi ya Yeriko. Lakini Hekima inasema juu ya kitu kilichostawi na kupendeza, na wafasiri wengi hawadhani ya kwamba ndicho hiki kijiti chetu cha jangwani; wengine hufikiri ni ule mti wa maua mekundu uotao kando ya maji ya Yordani. Kosa la jina si kubwa. Lakini liko kosa jingine, ambalo laweza kuua. Ndilo ninalolisimulia sasa.

USIKU WA HOFU

Nilikuwa nimewasimulia wanafunzi kisa kile cha Mkono wa Maria, nao walikipeleka nyumbani, kama watoto wapelekavyo kila kitu isipokuwa kazi ya shule. Majuma yale yale, usiku, mvua ikinyesha, mama mmoja mzee wa mtaa wetu alibisha hodi kwangu. Mkazamwana wake alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na mtoto hatoki.

Akaniambia: "Mwanangu Mwalimu, mjukuu wangu amenieleza. Niazime ule Mkono wa Bikira. Nitautia majini, utakapofunguka, naye atafunguka. Maji yake nitamnywesha."

Wasomaji wapenzi, mimi nimesoma. Nilijua njia ya kwenda nyumba ya wazazi ya misioni. Lakini mbele yangu alisimama mzee anayeweza kuwa mama yangu, amelowa maji, na midomo yake ilikuwa ikisali Salamu Maria. Niliona haya kumkatalia. Nilifungua kabati, nikampa.

Walikitia katika maji baridi, wakakaa kukitazama. Ngumi haifunguki kwa dakika moja. Huhitaji saa kadhaa. Kila walipotaka kumchukua mgonjwa, mmoja alisema: "Ngojeni kidogo, kinaanza kufunguka." Hivyo walingoja mpaka jogoo wa pili. Ndipo mumewe alipokuja mbio kuniamsha, akilia ya kwamba mkewe hajibu tena anaposemeshwa.

Tulimbeba katika machela, wanaume wanne tukipokezana, katika matope, mwendo wa saa moja na zaidi. Njia nzima sikusema neno. Mungu ni mwema: mkunga na daktari walifanya kazi yao, na kabla ya adhuhuri mtoto alizaliwa. Hakulia mara moja. Tulisimama nje tukihesabu pumzi zetu mpaka tuliposikia sauti yake, nyembamba kama ya kitoto cha paka. Mama yake akaishi naye.

Mkunga alitoka, akanawa mikono, akamsikiliza yule mzee akieleza habari zote. Hakumkaripia. Alinigeukia mimi, akasema kwa upole: "Mwalimu, ua lile lilikuwa na usiku kucha wa kungoja. Huyu binti hakuwa nao." Tangu siku hiyo sijasikia hotuba fupi kuliko hiyo, wala iliyonifaa zaidi.

Nilipochunguza baadaye niliona ya kwamba mama yule si wa pekee. Katika nchi za Waarabu, na hata mbali sana huko Malesia, ambako mmea huu hauoti bali mahujaji huuleta toka Makka, wanawake wengi huunywa ili wazae kwa wepesi. Lakini waganga wa hospitali hawajathibitisha ya kwamba maji hayo humsaidia mama mwenye uchungu, wala hayajahakikishwa kuwa salama kwa mama na mtoto tumboni. Mtu anaweza kuona mkono unaofunguka katika bakuli na kusadiki ya kwamba tumbo nalo litafunguka; lakini kufanana kwa vitu viwili si dawa.

Je, basi mama yule alikosa kumwomba Bikira Maria? La, hasha! Alifanya vema. Kosa lilikuwa kungoja, na aliyelianzisha kosa hilo ni mimi. Kitabu kile kile cha Yoshua bin Sira, kinachotaja mawaridi ya Yeriko, katika sura ya 38 kinatufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba; tena kinatuagiza tukiugua tumwombe Mungu, kisha tumpe mganga nafasi yake. Yote mawili kwa pamoja. Rozari husalika vizuri sana njiani, nyuma ya machela.

MVUA INAPOSHUKA

Baada ya Noeli nilirudi darasani, nikawaambia wanafunzi wote ya kwamba nilikosea, na mwenzao alikuwa ameona sawasawa. Kisha tukafanya jaribio jingine, kwa kuwa nilikuwa nimesoma jambo ambalo bakuli la maji haliwezi kulionyesha.

Jangwani, maji hayaji kwa bakuli. Huja kwa matone. Mvua ikianza, mkono hufunguka; lakini kufunguka peke yake hakutoshi. Kila kitunda cha Ua la Yeriko kina vijisehemu viwili vidogo mfano wa masikio au vijiko. Tone la mvua likianguka kwa nguvu juu ya kijiko hicho, kitunda hupasuka na mbegu hurushwa nje. Kama ni umande tu, au manyunyu ya kupita, mbegu hazitoki. Yatakiwa mvua ya kweli, yenye matone mazito, ile itakayoacha maji ya kutosha ardhini.

Wala mbegu zote hazitoki kwa mvua moja. Zinatoka chache, nyingine hubaki. Mvua ikikoma, mkono hujifunga tena juu ya zile zilizobaki. Maana jangwani mvua ya kwanza huweza kudanganya: hunyesha siku moja, miche ikaota, kisha jua likaiua yote. Lau mama angalitoa watoto wake wote siku ile, ukoo wake ungalikwisha. Lakini huzuia wengine mpaka mvua nyingine, na ya tatu, na mwaka ujao. Mbegu zinazotoka haziendi mbali. Nyingi huangukia karibu na mzizi wa mama. Na hilo lina maana, kwa sababu mahali pale mama aliweza kuishi na kuzaa. Jangwani, mahali pengi pengine hapafai.

Basi nilisimama juu ya kiti nikiwa na kopo lenye tundu dogo, nikaangusha matone toka juu, tone baada ya tone, juu ya ule mkono uliofunguka. Watoto walitandaza karatasi nyeupe kuuzunguka. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha tukasikia mlio mdogo, na punje moja ya rangi ya kahawia ikaruka juu ya karatasi. Kisha nyingine. Zilikuwa tatu kwa jumla. Tulizilaza juu ya mchanga wenye unyevu katika kopo la maziwa, na katika siku chache mbegu mbili zikawa na vijani viwili viwili, vya kijani kabisa.

Yule mvulana wa nyuma aliinama akavitazama kwa muda mrefu. Nikamwuliza: "Sasa wasemaje?" Akajibu: "Hivi ndivyo hai, Bwana Mwalimu. Ule mkono ulikuwa unavitunza tu."

Miche ile haikudumu. Hewa yetu ina maji mengi mno kwa mtoto wa jangwa. Baada ya majuma machache shina la kwanza lilioza, na la pili likafuata. Watoto walihuzunika. Lakini niliwaonyesha ngumi ile, iliyokuwa imekwisha kujifunga tena kabatini. Bado mlikuwamo mbegu ndani yake.

NENO KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Bwana Wetu, alipotaka kusema juu ya kufa na kufufuka, katika Injili ya Yohana, sura ya 12, hakuchukua mfano wa kijiti kinachovimba. Alichukua punje ya ngano inayoanguka ardhini. Na Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorinti juu ya ufufuko wa wafu, naye alitumia mbegu. Kumbe ishara ya uzima katika Ua la Yeriko si ule mkono unaofunguka na kufunga mbele ya macho yetu. Ishara imo katika punje ndogo iliyotunzwa ndani, ambayo wengi wetu, kwa kuushangaa mkono, hatuitazami.

Enyi wazazi, kila mmoja wetu atakufa. Tutaacha nini katika kiganja? Mama wa jangwani haachi mali. Huacha watoto waliokingwa, na hekima ya kuwatoa kwa wakati wake, si kabla, wala si wote kwa mvua ya kwanza. Binti anayeolewa kabla hajamaliza shule ni mbegu iliyotupwa kwa manyunyu. Kijana anayepelekwa machimboni kwa sababu ya fedha ya leo ni vivyo hivyo. Lakini pia mkono usiofunguka kamwe, ambao mvua imekuja nao umekaza, utaoza pamoja na mbegu zake. Kushika kuna wakati wake, na kuachilia kuna wakati wake.

Nanyi wanafunzi, jifunzeni kwa yule mwenzenu wa kiti cha nyuma. Hakumdharau mwalimu, wala hakulidharau fumbo la imani; alitazama vizuri, akauliza. Mungu aliyeumba macho hachukizwi na mtu anayeyatumia. Imani yetu katika ufufuko haisimami juu ya vijiti vikavu, hata haina haja ya kuogopa ukweli wa vijiti hivyo.

Ua la Yeriko lingali katika kabati la darasa letu. Kila mwaka, juma la kwanza la Majilio, tunalitia majini mbele ya wanafunzi wapya, nami nawaambia mapema ya kwamba limekufa. Yule mtoto aliyezaliwa siku ile sasa anatembea na kuwasumbua majirani. Bibi yake, kila mama wa mtaa wetu anapoanza kushikwa na uchungu, ndiye wa kwanza kuwaita vijana wenye machela. Na rozari yake humwona ameishika mkononi, akitangulia mbele.